Barua Iliyokunjwa Hangzhou

Uvumi ulimfikia Mama Shimwa kabla hajashusha sanduku. Mukagasana, jirani wa ukuta kwa ukuta pale Biryogo, Kigali, alikuwa akikaanga mandazi barazani kwake. Teksi iliposimama aliyaacha mafuta yakichemka, akaja kumkumbatia, na wakiwa bado wameshikana akamnong'oneza kwamba mtoto wake anapewa kitu kwenye kikombe. Hakusema nani anampa. Alielekeza kidevu tu upande wa mlango, ambako Mahoro, wifi yake, alikuwa amesimama na kitenge kiunoni akisubiri zamu yake ya kumpokea mgeni.

Mama Shimwa alimwambia aache maneno. Alisema kama mtu anayefukuza nzi. Lakini nzi yule aliingia naye ndani, akakaa naye mezani, akalala naye, na kila alipodhani ametoka alimsikia tena pembeni ya sikio.

Tena macho yake mwenyewe yalimsaidia yule nzi. Shimwa, mwanawe wa pekee, binti wa miaka kumi, alimwacha ana mashavu. Sasa alitoka chumbani akishika fremu ya mlango, mifupa ya shingo imetokeza, gauni linaning'inia kama limetundikwa msumarini. Alitabasamu, akamkumbatia mama yake kiunoni, kisha kabla hata ya kuuliza ameletewa nini akaenda kwenye birika la maji, akanywa vikombe vitatu bila kupumzika. Pumzi yake ilikuwa na harufu ya ndizi zilizofukiwa kwa ajili ya pombe.

Mama Shimwa alikuwa ametoka Uchina. Ilikuwa mwaka 1990, mwisho wa mwezi wa sita, wakati ambapo watu wa Kigali walikuwa bado wanadhani uvumi ni jambo la kupitisha jioni.

Safari yenyewe ilikuja hivi. Mama Shimwa, ambaye jina lake ni Mukandekezi, alikuwa fundi cherehani katika kituo cha akina mama, na kulikuwa na mwalimu wa Kichina aliyewafundisha kutarizi. Mwalimu yule alipata nafasi za mafunzo ya wiki sita kwenye kiwanda cha hariri cha mji wa Hangzhou, na akawachagua mafundi wenye mkono mwepesi. Shule Mukandekezi alikuwa ameishia darasa la sita, lakini sindano haiulizi cheti. Nasiri, mumewe, alikuwa dereva wa lori la Dar es Salaam, leo yupo na kesho hayupo. Alikubali kwa sharti kwamba dada yake Mahoro aje kukaa na mtoto.

Mahoro alikuwa ameachwa na mume baada ya miaka saba bila kupata mtoto. Mtaani kwao hilo peke yake lilitosha. Mwanamke asiye na mtoto akimbeba mtoto wa mwenzake, watu wanaangalia mikono yake. Mama Shimwa alilijua hilo, na kabla ya kuondoka aliwaambia majirani kwa sauti kwamba huyu ni dada yake, si wifi. Alipima kiuno cha Shimwa kwa uzi, akafunga fundo mahali uzi ulipokutana, akauweka kwenye pochi yake. Alitaka kumletea gauni la hariri la Idi ya kuchinja.

Hangzhou ilimshika taratibu. Wiki tano za kwanza hakuona mengi zaidi ya kiwanda: masufuria ya maji moto ambamo vifukofuko vya viwavi vinaogelea, na wanawake wanaovuta uzi mwembamba kuliko unywele bila kutazama. Jioni walikuwa wanapewa chai ya kijani kwenye bilauri, majani yamesimama ndani kama nyasi, bila sukari hata chembe. Mwenzake wa chumba alikuwa Gaudiose, fundi wa Kigali aliyelelewa Bujumbura, mama wa watoto watano na mdomo usiopumzika. Gaudiose aliikodolea macho ile bilauri siku ya kwanza akasema, "Dada, hawa wametuletea maji ya kuoshea majani ya sombe." Walicheka mpaka mkalimani akataka kutafsiriwa. Hawakumtafsiria.

Ziwa waliliona kwa mbali, kutoka dirisha la basi. Waliambiwa mafunzo yakiisha watalizunguka watakavyo.

Barua ilifika Ijumaa, siku ya mwisho ya mafunzo. Bahasha ilikuwa na mwandiko wa Mahoro, herufi kubwa zilizolala upande mmoja. Mama Shimwa hakuisomea chumbani. Aliipeleka ziwani, akakaa kwenye benchi chini ya mierebi iliyolowesha matawi yake majini kama nywele. Ilikuwa imenyesha, na sasa vilima vya ng'ambo vilikuwa vinatokea kimoja kimoja, cha mbele kijani, cha nyuma buluu, cha nyuma zaidi kama moshi. Yungiyungi zilikuwa zimeanza kufungua maua, rangi ya waridi, juu ya majani mapana kama sinia. Alikuwa hajawahi kukaa mahali pazuri namna ile bila kuwa na kazi mikononi. Akafungua bahasha.

Mahoro aliandika hivi:

"Wifi yangu, salamu nyingi. Hapa tuko wazima ila Shimwa sielewi. Anakunywa maji kupita kawaida, usiku anaamka kunywa na kukojoa, na kitandani amerudia kukojoa kama mtoto mdogo, anaona haya. Amepungua. Nilimpeleka zahanati wakampa dawa ya minyoo, haikusaidia. Tena pale anapokojoa sisimizi wanajaa, sijawahi kuona. Nasiri hayupo. Nataka kumpeleka hospitali kubwa lakini mtoto si wangu, likitokea jambo nitaonekana mimi. Naomba uniandikie ruhusa, au kama unaweza kurudi mapema, rudi. Ni mimi wifi yako Mahoro."

Alisoma mara moja. Akatazama tarehe, mwisho wa mwezi wa tano: barua ilikuwa imetembea siku kumi na saba. Moyo wake ulifanya kitu, kama cherehani inaporuka mshono, kisha ukaendelea. Akajiambia kwamba siku kumi na saba ni nyingi, homa ya mtoto haikai siku kumi na saba, lazima imepita. Akajiambia kwamba mtu asiyejua watoto huona ugonjwa hata kwenye kukojoa. Na habari ya sisimizi ilimchekesha kidogo. Nani anakaa kuangalia sisimizi chooni?

Gaudiose alimkuta pale, akauliza kuna nini nyumbani.

"Salamu tu," akasema, na barua akaikunja mara nne.

Jioni ile mkalimani alipita na karatasi. Waliotaka kurudi mapema wangeondoka Jumapili na kundi la kwanza. Waliotaka kupumzika wangebaki siku nane, wageni wa kiwanda, kila kitu kimelipwa. Gaudiose alijiandikisha kurudi. Alisema maziwa yake yanamwambia kitindamimba wake analia, hata kama mtoto huyo ana miaka minne. Mama Shimwa alishika kalamu muda mrefu. Alikuwa na umri wa miaka thelathini na tatu na hajapumzika hata siku nane zikijumlishwa. Alikuwa amelea wadogo zake, kisha akaolewa, kisha akakalia cherehani. Hakuna mtu aliyewahi kumwambia kaa tu. Ruhusa ya Mahoro angeweza kuiandika pale pale, mistari miwili, Gaudiose angeibeba mkononi ifike mapema. Hilo alilifikiria pia. Lakini kuiandika kungekuwa kukubali kwamba mtoto anaumwa, na mama anayekubali kwamba mtoto wake anaumwa habaki siku nane ziwani. Akaandika jina lake upande wa kubaki.

Zile siku nane hakuzisahau kamwe, na hiyo ndiyo taabu yake. Zilikuwa nzuri. Asubuhi alitembea juu ya njia ndefu iliyokatiza ziwa katikati, maji huku na huku, madaraja ya mawe yamejikunja kama migongo ya paka. Wazee walikuwa wanafanya mazoezi polepole chini ya miti, kama watu wanaosukuma hewa nzito. Watoto walimfuata, wakamshika nywele, mama zao wakaomba kupiga naye picha. Mchana alipanda mashua yenye kivuli cha turubai, na mama mmoja wa makamo akaipiga kasia mpaka kwenye nguzo tatu za mawe zilizosimama majini, matumbo yao yametobolewa matundu ya kuwekea taa. Mvua nyepesi ikinyesha walimpa mwavuli wa hariri. Alikaa akaangalia matone yakitoboa ziwa, hakufikiria kitu, na aliposhtuka kwamba hakuwa akifikiria kitu, alikumbuka barua. Kila siku ilikuwa hivyo. Uzuri ulimpeleka mbali, na kule mbali akamkuta Shimwa ameshika kikombe. Basi akaondoka haraka, akatafuta uzuri mwingine.

Alinunua hariri ya rangi ya maua yale ya ziwani, akaikata na kuishona mwenyewe kwenye cherehani ya kiwanda kwa kufuata fundo la uzi. Alinunua peremende za maua na pakiti sita za unga wa mizizi ya yungiyungi, wenye sukari ndani, unaokorogwa kwa maji moto ukawa uji unaong'aa. Na makopo mawili ya ile chai ya kuoshea sombe, kwa mzaha. Barua aliiweka ndani ya kopo moja la chai, chini ya majani.

Ndiyo maana siku ya kurudi, nzi wa Mukagasana alipomwingia sikioni, alikuta mahali pa kutua.

Kesho yake, Ijumaa, wanawake wa mtaa walikuja kumwona aliyetoka Uchina. Sebule ilijaa. Peremende zilipita mkono kwa mkono. Alimvalisha Shimwa gauni la hariri, likamzunguka kama pazia. Akachukua uzi, akaupitisha kiunoni, na fundo likapita mwisho kwa vidole vinne. Mukagasana akaguna.

Mahoro alikuwa amekaa karibu na mlango. Alisema kwa upole, mbele ya wote, "Wifi, barua yangu hukuipata?"

Hapo ndipo mahali ambapo Mama Shimwa angeweza kugeuka. Ilikuwa rahisi kuliko kuvua kiatu. Lakini macho ya wanawake kumi na mbili yalikuwa juu yake, na juu ya peremende, na juu ya picha za ziwa zilizokuwa zinazunguka, yeye na mwavuli, yeye kwenye mashua anacheka.

"Barua gani?" akasema. "Mimi sikupata barua."

Mahoro alimtazama, kisha akatazama mikono yake mwenyewe. Wanawake walitazamana. Mukagasana hata hakungoja kufika nje. Alisema kwa Kiswahili chake cha haraka, kama anayeongea na ukuta, "Eh, watu iko naandika barua haifiki. Iko vizuri sana."

Tangu saa ile uvumi ulipata miguu. Kwanza ilikuwa kwamba mtoto anapewa kitu. Sasa ilikuwa kwamba mpaji amedanganya kuwa aliandika, ili ajisafishe. Ulifika kwenye bomba la maji, ukafika msikitini upande wa akina mama, ukarudi umenona. Na Mama Shimwa, aliyekuwa na ukweli umelala ndani ya kopo la chai juu ya kabati, alianza kuuamini uongo uliotoka kinywani mwake. Ilimpa nafuu. Kama Mahoro alitia kitu kwenye kikombe, basi kosa si la ziwa.

Kule kwao mtu akikupa kinywaji ananywa funda la kwanza mbele yako, ndipo anakupa. Ni heshima, anakuonyesha kwamba hana ubaya. Lakini hufanywa kwa mgeni. Ndani ya nyumba moja, kwa mtoto aliyemlea mwenyewe, hakuna anayeomba hivyo. Jumamosi asubuhi Mahoro alileta kikombe cha maziwa ya Shimwa, naye Mama Shimwa, mkono wake ukiwa tayari umenyooshwa, akasema, "Anza wewe, wifi."

Mukagasana alikuwa mlangoni na sahani ya mandazi. Shimwa alikuwa kwenye mkeka.

Mahoro alikiinua kikombe. Kisha akanywa. Hakunywa funda, alikunywa kikombe kizima, polepole, akakiweka chini bila kutoa mlio. Alimwambia Shimwa, "Shangazi anakwenda Niboye kwa siku chache." Kabla ya adhuhuri alikuwa amefunga nguo zake kwenye kitenge, akaenda kukaa kwa mama mdogo wao huko Niboye, ambako wakati ule mashamba ya mtama yalikuwa mengi kuliko nyumba. Shimwa alimlilia mpaka akaomba maji.

Alipobaki peke yake na mtoto, Mama Shimwa alianza kumrudishia nyama mwilini. Chai ya maziwa, vijiko vinne vya sukari. Fanta ya machungwa asubuhi na jioni. Asali. Na ule uji wa Hangzhou, bakuli asubuhi, bakuli mchana, maana Shimwa aliupenda, na mama alimwangalia akilamba kijiko akasema moyoni kwamba hata ziwa sasa linamponya mwanawe. Mtoto alizidi kukauka. Jumapili, kwa ushauri wa Mukagasana, waliita mzee mmoja anayejua kutapisha sumu. Alimpa Shimwa maji ya majani machungu, akatapika mpaka macho yakaingia ndani, na mzee akaonyesha povu kwenye beseni akasema ndiyo hiyo imetoka. Mukagasana alishukuru Mungu. Jumatatu Nasiri aliporudi na lori, mtoto alikuwa analala tu, na pumzi yake nzito kama ya mtu aliyepanda mlima.

Nasiri alitaka kwenda hospitali hapo hapo. Mkewe alimwambia sumu ndiyo inatoka, wangoje Idi ipite.

Asubuhi ya Idi, takbira zikisikika kutoka msikitini, alimkalisha Shimwa kitandani amvalishe gauni. Alikuwa amelipunguza kiuno vidole vinne. Mkono wa kwanza uliingia. Mkono wa pili ulianguka. Alimwita, akamwita tena, akampiga mashavu. Mtoto alivuta pumzi ile ndefu yenye harufu ya ndizi, na macho yalikuwa nusu wazi hayamwoni. Nasiri alimbeba na gauni lake la hariri nusu mwili, akamweka kwenye kiti cha mbele cha lori.

Hospitalini walipokelewa na daktari anayeitwa Kabera, kijana mwembamba mwenye miwani iliyofungwa uzi. Aliinama, akanusa pumzi ya mtoto, na uso wake ukabadilika. Aliita maji ya mshipa, akaita dawa, mikono yake ikifanya kazi huku mdomo ukiuliza. Amekuwa akinywa maji sana? Ndiyo. Amekula nini? Mama Shimwa akataja sukari, asali, Fanta, na kila alichotaja daktari alifumba macho kidogo. Akasema ni kisukari, kwamba damu ya mtoto imejaa sukari isiyo na pa kwenda, na kwamba wamemmwagia nyingine juu. Na kumtapisha kumemkausha maji machache aliyobaki nayo.

"Mliona sisimizi pale anapokojoa?" akauliza.

"Ndiyo," akasema Mama Shimwa. "Tangu mwezi wa tano."

Lilitoka lenyewe. Daktari alikuwa ameshageukia sindano, kwake lilikuwa jibu kama majibu mengine. Lakini Nasiri, aliyesimama miguuni mwa kitanda, aliinua kichwa.

"Mwezi wa tano ulikuwa Uchina," akasema.

Akazunguka kitanda, akasimama mbele ya mkewe.

"Mukandekezi. Sisimizi ulioneshwa na nani?"

Alipomwita kwa jina lake, si Mama Shimwa, alijua kwamba hana tena pa kukunja. Akamwambia. Barua aliipata, aliisomea ziwani, angeweza kurudi na wenzake, alibaki siku nane, akaikana mbele ya watu, na habari ya kikombe pia. Alisema yote akiangalia gauni lile la waridi ambalo wauguzi walikuwa wamelikata kwa mkasi na kulitupa kwenye kiti. Nasiri hakumpiga, hakupaza sauti. Alikaa chini ukutani, akasema, "Na dada yangu ulimnywesha kikombe."

Daktari aliwaambia wangoje. Alisema kama angeletwa wiki mbili tatu nyuma, angeingia hospitali kwa miguu yake. Sasa hakuahidi chochote.

Walingoja mpaka kesho yake mchana. Shimwa alifungua macho, akaomba maji, na alipoambiwa asubiri akaangalia chumba chote, akauliza shangazi yuko wapi.

Mama Shimwa hakungoja kuambiwa. Alipita nyumbani, akachukua kopo la chai, akapanda gari la Kicukiro kwenda Niboye, na sehemu iliyobaki akaenda kwa miguu. Alimkuta Mahoro anapepeta mtama uani. Mahoro hakumkaribisha wala hakumfukuza. Aliendelea kupepeta.

Mama Shimwa alifungua kopo, akatoa barua kutoka kwenye majani, akaiweka juu ya ungo, juu ya mtama. Ilikuwa inanukia chai. Mahoro aliitambua kabla hajaishika. Alipangusa mikono, akaikunjua, akaangalia mwandiko wake mwenyewe kama anaangalia picha ya marehemu.

"Kila Ijumaa nilikuwa naenda posta," akasema. "Nilidhani umekasirika kwa sababu nimemsema mtoto wako vibaya."

"Niliipata. Nilikaa."

"Ulikaa kufanya nini?"

Mama Shimwa alitafuta jibu, na yote aliyopata yalikuwa miti, na maji, na vilima vinavyotokea kimoja kimoja.

"Kuangalia ziwa," akasema.

Mahoro alitikisa kichwa taratibu, si kwa kukubali, ni kama mtu anayepima uzito wa kitu mkononi. Mama Shimwa akaomba maji ya moto. Akatia majani ya ile chai kwenye vikombe viwili, bila sukari, akachukua cha Mahoro, akanywa funda la kwanza mbele yake, akampa kwa mikono miwili. Kikombe kilikaa hewani mpaka mvuke ukapungua. Mahoro alikipokea. Hakunywa. Alikiweka kando ya ungo, akaingia ndani kuchukua kitenge chake.

"Twende kwa mtoto," akasema. "Mambo yetu mimi na wewe yatangoja."

Yamengoja mpaka leo. Mahoro alirudi kwa ajili ya Shimwa. Alijifunza kuchoma sindano kabla ya mama, kwa sababu mama alishindwa kumchoma mwanawe. Dawa wanaihifadhi kwenye chupa ndani ya mtungi wa maji, kwa kuwa hawana friji. Shimwa amerudi shule, amenyooka, anapenda ile chai ya kijani isiyo na sukari na anasema ina ladha ya mvua. Ila sasa kila Mahoro anapompa mtoto kikombe, ananywa kwanza. Hakuna aliyemwomba. Mama Shimwa alimwambia aache, akamwambia tena, na Mahoro anasema amezoea. Hufanya hivyo asubuhi na jioni, mbele yake.

Kwa majirani Mama Shimwa alikwenda nyumba kwa nyumba na barua mkononi, akaisoma kwa sauti, akianza na Mukagasana. Wengine walisikitika. Wengine walisikiliza mpaka mwisho, halafu wakauliza kama ana uhakika ni barua ile ile. Kule bombani bado wapo wanaosema kuna mwanamke wa Niboye anayetia vitu kwenye vikombe.

Haya yameandikwa kwa ajili ya mama mwingine, ambaye labda ana mtoto anayekunywa maji sana. Mambo ya kuepuka ni haya:

Usimpe sukari, soda wala asali mtoto anayekonda huku anakunywa maji na kukojoa bila kukoma.

Usicheke ukiambiwa sisimizi wanajaa pale anapokojoa. Mpeleke hospitali siku hiyo hiyo, useme habari ya sisimizi.

Usimtapishe mtoto. Usimwite mtu wa kumtapisha.

Usikubali dawa ya minyoo iwe jibu la mwisho.

Usingoje sikukuu ipite.

Ukisafiri, usimwachie mtu mtoto bila kumwachia ruhusa ya kumtibu, imeandikwa, ina jina lako.

Usilipokee neno la jirani kabla hujamuuliza anayesemwa.

Usimwombe ndugu yako aonje kikombe cha mtoto aliyemlea.

Ukipata barua kutoka nyumbani, usihesabu siku ilizotembea.

Usibaki.